Mtoto Akiuliza Kwa Nini Ardhi Imetikisika



Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na kwa siku kadhaa ardhi ikatetemeka Goma na huku kwetu Gisenyi hadi nyumba zikapasuka. Mtoto wa shule ya msingi hapa Rubona akiuliza kwa nini, husikia moja kati ya majibu mawili: ni adhabu ya Mungu, au ni moto ulio chini ya ardhi, basi. Je, mwalimu Mwislamu wa sayansi analazimika kuchagua?

Turudi kwenye Sira. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume, naye yumo katika huzuni ya mzazi, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Kisha akawaamrisha waswali. Aliikataa sababu isiyo ya kweli, ingawa ilimtukuza yeye mwenyewe, na ibada hakuiacha.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto akizijua sababu atamsahau Aliyeziumba. Hofu hiyo naielewa. Lakini Imamu Ghazali alionya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, huidhuru dini yenyewe.

Kwetu sisi suala hili ni la uhai. Upande wa Goma kuna mazuku, mabonde madogo ambamo hewa ukaa hutoka ardhini na kutuama. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na huua watu na mifugo. Ziwa Kivu nalo limebeba hewa ukaa na methani nyingi vilindini. Mtoto anayeambiwa kwamba bondeni kuna shetani atabaki na woga tu. Mwenye kujua kwamba hewa ile hukaa chini atapita juu, na hatamwacha mdogo wake acheze shimoni.

Kumfundisha hakuhitaji maabara. Weka magadi kwenye jagi, mimina siki kidogo, subiri povu litulie, kisha inamisha jagi juu ya mshumaa bila kuimwaga siki. Mshumaa utazimika. Mtoto ameona kwa macho yake kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kumiminika kama maji.

Ama kumwambia mtoto ambaye ukuta wa kwao umepasuka kwamba hiyo ni adhabu, nauliza: nani aliyetujulisha? Kumsemea Mwenyezi Mungu bila elimu ni dhambi kubwa, na mtoto huondoka akiamini kwamba wazazi wake wamechukiwa. Tumweleze jinsi ardhi inavyotikisika, tumfundishe dua, na tumwonyeshe mahali salama pa kusimama.

Wengi wetu tutakuwa walimu, wa shule au wa madrasa. Mtoto ni amana, na akili yake ni sehemu ya amana hiyo. Tukiulizwa tusichokijua, tuseme Allahu aalam, kisha kesho yake turudi na jibu tulilolitafuta.

Wabillahi tawfiq.