Mwenye Neno ni Mama

Mtoto aliye ughaibuni akitaka mama yake mzee aishi naye huko mpaka mwisho wa maisha yake, je, anaitii amri ya kuwaheshimu wazazi, au anaitii hamu ya moyo wake mwenyewe? Swali hili limeingia nyumbani kwetu Nyaishozi, na najua limeingia katika nyumba nyingine za Karagwe na Kyerwa zenye watoto Ulaya na Marekani. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT, Dayosisi ya Karagwe. Naandika nikiwa mtoto wa kwanza wa mama ambaye wakati huu yuko Minnesota kwa mdogo wangu wa kike, kwa viza ya matembezi.

Mdogo wangu ni muuguzi na amekwisha kuwa raia wa Marekani. Kwa sheria za huko, raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu, na mzazi hapangwi kwenye foleni ya miaka mingi kama wanavyopangwa kaka na dada. Mzazi aliyeingia kihalali kwa viza anaweza kuomba akiwa hukohuko, bila kurudi kwao kwanza. Ndipo mdogo wangu alipopiga simu: “Kaka, mama keshafika. Presha yake unaijua, na wewe huwezi kumkimbiza hospitali ya Nyakahanga kila usiku. Tumwombee grinikadi akiwa hapahapa.”

Hoja hiyo ina uzito, na sitaki mtu aidharau. Sisi wa mkoa huu wa mpakani tunajua jinsi karatasi ya ukaazi inavyoweza kumwokoa mtu, na kukosekana kwake kumwangamiza. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu waliondolewa Kagera, Kigoma na Geita. Walikuwemo walioishi kwetu miongo mingi, wakaoa kwetu, wakazaa kwetu. Nyumba ziligawanyika, mume upande huu, mke upande ule. Aliyeyaona hayo hawezi kumlaumu mtoto anayetaka mama yake awe na kibali mkononi. Na mdogo wangu mwenyewe ana jeraha hilo. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo alipoapa kule aliupoteza wa huku. Akija Nyaishozi, alikozaliwa, anaingia kwa viza.

Nilipotafuta mwanga katika Maandiko nilikuta wazee wawili walioitwa kuhama na watu waliowapenda. Wa kwanza ni Yakobo. Yusufu alimpelekea magari kutoka Misri, na mzee, aliyekuwa na miaka 130, akakata shauri kwenda kumwona mwanawe kabla hajafa. Alikwenda kumwona, akakaa miaka 17, akafia huko. Lakini hakwenda kama mzigo uliopakiwa. Aliamua mwenyewe, akasimama Beer-sheba kumtolea Mungu dhabihu, na kabla ya kufa akamwapisha Yusufu asimzike Misri, bali amrudishe kwenye pango la Makpela walikozikwa baba zake.

Wa pili hatajwi sana kwenye mahubiri: Barzilai Mgileadi, katika 2 Samweli 19. Alikuwa amemlisha Daudi wakati wa uasi wa Absalomu. Vita vilipokwisha, mfalme alimwalika Yerusalemu ili amtunze. Barzilai, mwenye miaka 80, alikataa. Alieleza kwamba ladha ya chakula imempotea na sauti za waimbaji hazisikii tena, akaomba arudi akafie mjini kwake, penye kaburi la baba yake na mama yake. Daudi alikuwa na uwezo wa kumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamwacha aende.

Mmoja alihama, mwingine akabaki, na Maandiko hayamlaumu hata mmoja. Kwa hiyo siamini kwamba amri ya kuwaheshimu wazazi hutimizwa kwa kuchagua nchi. Jambo lililo sawa kwa wote wawili ni kwamba mzee ndiye aliyesema neno la mwisho, na mwenye nguvu akalitii. Yusufu, mkuu wa Misri, aliapa. Daudi, mfalme, aliachia.

Mama yangu naye ana neno ambalo tayari amelisema. Alipohojiwa ubalozini Dar es Salaam, afisa alimuuliza kama atarudi. Alijibu kwamba ana kibanja chake, ana kahawa ya kuchuma, na kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba, atarudi. Najua alimaanisha, kwa sababu kabla ya safari alinizungusha kibanjani akinionyesha migomba ya kukata na ya kuacha, shina kwa shina. Sheria ya Marekani humtofautisha aliyeingia kwa nia ya kutembea, kisha nia ikabadilika, na yule aliyeficha nia ya kuhamia tangu alipoomba viza. Huyu wa pili amemdanganya afisa, na ombi lake laweza kukataliwa. Nasi tuna amri ya kutoshuhudia uongo. Nia ya mama ikibadilika, ni haki yake. Lakini ibadilike moyoni mwake yeye. Wanawe tukiibadilisha kwa niaba yake, tutakuwa tumeligeuza neno lake la kweli kuwa uongo, naye hajafungua kinywa.

Hata fomu zenyewe zinadai hivyo. Ombi la mtoto, fomu I-130, husainiwa na mtoto. Ombi la ukaazi, fomu I-485, husainiwa na mzazi mwenyewe, na kama hajui Kiingereza, mkalimani naye huweka saini kuthibitisha kwamba amemsomea kila swali kwa lugha anayoielewa. Kwa ajili ya fomu hizo nilikwenda ofisi ya usharika kutafuta ushahidi wa kuzaliwa kwake, maana hakuwahi kuandikishwa serikalini alipozaliwa. Mchungaji alifungua kitabu cha ubatizo, kurasa zikinuka unyevu, akateremka mstari kwa mstari kwa rula hadi kwenye jina la mama. Palikuwa na majina ya wazazi wake, majina ya wasimamizi wake na tarehe ya ubatizo. Jina la babu lilitofautiana kwa herufi moja na lililo kwenye pasipoti. Nilipiga picha ukurasa ule, nikamtumia mdogo wangu, nikaanza kuuliza habari za cheti cha kuzaliwa cha RITA. Nilifanya hivyo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa kuandaa karatasi bado si kuamua. Mama akisema ndiyo, zisikosekane.

Kuna jambo katika sheria hiyo linalonigusa sana. Mtoto anayemwombea mzazi husaini fomu I-864, mkataba wa kumtunza, na kipato chake hakipaswi kuwa chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Mkataba hauvunjiki kwa sababu mtoto amechoka. Hudumu mpaka mzazi awe raia, au ahesabiwe miaka ipatayo 10 ya kazi, au aache ukaazi na kuondoka, au afariki. Sisi tuliobaki nyumbani hakuna aliyetudai saini. Basi tusijivike utakatifu. Wapo wanaosema mama asihamie kule kwa sababu pesa ya matumizi hutumwa kwa jina lake, na wapo wanaosema ahamie ili kibanja kibaki mikononi mwao. Wote hao hawajamuuliza.

Mama aambiwe yote kabla hajaweka saini. Aambiwe kwamba ombi likiwa bado linashughulikiwa, akisafiri nje ya Marekani bila kibali maalumu huhesabiwa ameliacha. Msiba ukitokea Nyaishozi, huenda asiwahi mazishi. Aambiwe kwamba grinikadi ni ya kuishi kule, na akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudia anaweza kuhesabiwa ameacha ukaazi wake. Aambiwe kwamba bima ya wazee, Medicare, haitampokea mpaka akae miaka 5 mfululizo akiwa mkaazi. Aambiwe na mazuri: daktari wa karibu, wajukuu, na binti yake kila asubuhi anapotoka zamu ya usiku.

Na aambiwe kwa Kinyambo, na mtu ambaye hamlipii chochote. Wazee wetu wakiulizwa na mtoto aliyelipa nauli hujibu, “Mtakavyo, wanangu.” Jibu hilo ni adabu ya mtu asiyetaka kumuudhi anayemlisha, lisihesabiwe kuwa ridhaa.

Mama bado hajajibu. Amesema ataomba kwanza, kisha atatuita wote kwenye simu moja. Akisema anabaki, nitakitunza kibanja, na nitamtaka mdogo wangu aape kama Yusufu. Akisema anarudi, mdogo wangu afanye kama Daudi, ambariki na kumwachia. Nawe msomaji unayetaka kumhamishia mzazi wako ugenini, usilipe ada ya fomu hata moja kabla hujamuuliza kwa namna inayomruhusu kukataa.