Rudini Kwenye Ukuta wa Magotini

Ndugu zangu mnaopanda kuta kwa baiskeli, nimewaona. Mnasimama mbele ya ukuta wa kifuani, mmekamata usukani mpaka mishipa ya mikono imesimama, mnavuta pumzi, kisha mnauparamia kwa mabega. Gurudumu la mbele linagonga, la nyuma linabaki chini, na mnarudi mlikotoka mgongo ukitangulia. Halafu mnalalamika kwamba ukuta ni mrefu. Ukuta si mrefu! Mmeushika kwa juu, nao unapandwa kuanzia chini, kwenye mguu, kwenye pedali ya mwisho mnayoipiga kabla hamjaugusa. Hilo ndilo neno langu leo, sina jingine.

Mchezo huu wa trayali ulikulia Katalunya, huko Hispania, mikononi mwa Pere Pi, bingwa wa pikipiki aliyekuwa mtu wa kampuni ya Montesa. Mwanawe Ot alikuwa bado mdogo kwa pikipiki, basi baba akampa baiskeli ili apite juu ya mawe yaleyale yanayopitwa na wenye injini. Montesa ikaja kutengeneza baiskeli za namna hiyo zikaitwa Montesita, na Ot akakua akawa bingwa wa dunia. Sasa tafakarini. Mtoto yule aliondolewa injini akabakiziwa jiwe. Mwenye pikipiki akikwama huzungusha mkono wa mafuta, na mashine humbeba. Ninyi mna nini? Mna mguu. Mbona basi mnaufanya mguu kuwa abiria?

Itazameni hiyo baiskeli mliyoinunua kwa jasho. Ile ya mashindano yenye magurudumu ya inchi 20 haina kiti kabisa. Aliyeiunda hakutaka mkae. Gia yake ni moja, tena nyepesi mno, kiasi kwamba barabarani mtoto mwenye baiskeli ya dukani atawapita akiimba. Meno yanayoshika na kuachia mnyororo yamehamishiwa mbele, penye pedali, na yamefanywa mengi ili mguu ukigusa tu nguvu ifike gurudumuni papo hapo. Rimu zimekwaruzwa kwa jiwe la msasa ili breki ing'ate. Wengine hupaka na lami kidogo, na ukishika breki hiyo mtaa mzima husikia. Kila kipande cha chombo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya pigo moja la mguu na mshiko mmoja wa breki. Nanyi mnakivuta kwa mikono kama ndoo ya kisimani!

Sikilizeni basi namna ya kuupanda. Uendee polepole, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, ukiwa umesimama juu ya pedali, magoti yamelegea, kidole kimoja juu ya kila breki. Macho yawe kwenye ukingo wa juu, pale utakapotua, wala si kwenye tofali lililo mbele ya pua yako. Unapobakiza kama urefu wa baiskeli moja, chuchumaa. Kisha piga pedali kwa mguu wako wenye nguvu, pigo moja zima lisilo na wasiwasi, na hilo pigo ndilo linaloinua gurudumu la mbele. Mikono inafuata tu, imenyooka. Gurudumu hilo likaguse ukingo, au chini yake kidogo. Likigusa, usilisukume ukutani. Hapo ndipo unaporuka! Nyoosha magoti, nyoosha kiuno, ruka kutoka kwenye pedali kama unataka kuziacha, usukani uje mpaka kiunoni. Halafu, baiskeli ikiwa hewani nawe umekuwa mrefu, sukuma usukani mbele na ukunje magoti, ili gurudumu la nyuma lipate nafasi ya kupanda chini yako.

Hapo kwenye kusukuma ndipo wengi hufia. Wanavuta, wanavuta, wanasahau kusukuma. Uzito unabaki nyuma, na baiskeli inawapindukia. Wengine hupiga pedali wakiwa wameshafika ukutani, gurudumu la mbele linagonga katikati ya matofali, na safari inaishia hapo. Nawasihi, mkishindwa msilaumu kimo. Rudini nyuma hatua mbili mkaangalie pigo lilianzia wapi.

Na breki! Breki ya nyuma ishikwe pale tairi la nyuma linapogusa ukingo, si kabla. Ukiishika mapema umefunga mlango ukiwa nje. Tairi lenyewe lisijazwe upepo mpaka likawa gumu. Lilegee kiasi cha kujikunja juu ya kona na kuikumbatia. Lakini likilegea kupita kiasi rimu itaubana mpira wa ndani mpaka utoboke, na hilo mtalijua kwa sauti yake.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Katika mchezo huu mwenda pole hujikwaa vilevile, ila hujikwaa penye ukuta wa magotini, akatua kwa miguu nyuma ya baiskeli akiwa bado ameshika usukani. Jifunzeni kuanguka hivyo kwanza. Vaeni helmeti, vaeni kinga za ugoko, kwa maana pedali zina meno na hazina huruma.

Najua kilichowatia pupa. Aprili 2009 ilitoka filamu fupi ya Danny MacAskill, kijana wa kisiwa cha Skye aliyekuwa fundi baiskeli Edinburgh, na tangu hapo kila mwenye magurudumu mawili anaota kuta. Vizuri, oteni! Ila irudieni ile filamu, mwanzo wake. Mnachokiona ni uzio wa chuma wenye ncha, naye anaushindwa. Anaruka, anakosa, anaanguka, anarudi. Hakuficha! Lakini ninyi mnaanza kurekodi kabla hamjaanza kujifunza, mnafuta video za kuanguka, kisha mnabaki na simu tupu na ukuta uleule.

Tafuteni paleti za mbao, zile za kubebea mizigo. Paleti ya kawaida ya Ulaya ina kimo cha milimita 144; tatu zikipangwa hazifiki nusu mita. Zifungeni zisiteleze, mkaanzie hapo, na mpige pedali ile moja mpaka mguu uijue bila kuulizwa. Gurudumu la nyuma likitua ukingoni na breki ikashika, msishangilie. Bado hamjapanda. Mmening'inia pale kwenye kona, gurudumu la mbele likielea, na wengi hurudi chini wakiwa na tabasamu usoni. Simameni kwanza, tulieni, kisha achieni breki na mpige robo ya pedali mrukie mbele, magurudumu yote mawili yatue juu. Fanyeni hivyo leo, na kesho, mpaka mtu anayewatazama achoke. Ndipo muongeze paleti. Moja, nawasihi! Msiongeze mbili.