Makunyanzi ya Uso na Sindano Yake

Suali hili limetufikia kutoka kwa dada yetu mmoja akaaye Nyayo Highrise, zile nyumba za ghorofa zilizopakana na Kibera, mjini Nairobi. Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi si wageni wa mahali hapo, kwani wengi wenu mna mtoto au mkwe aliyekwenda bara kutafuta riziki, na baadhi yao ndio hao wakutanao nasi darsani baada ya sala ya Isha, katika chumba cha mwenzetu mmoja huko juu ghorofani. Dada huyu ana umri wa miaka 46. Ni mjane, na kazi yake ni kupokea wageni katika ofisi moja ya mjini. Alisema: "Nataka kupigwa sindano ya kuondoa haya makunyanzi ya kati ya nyusi. Nitarajie nini? Je, yajuzu? Na nikisha kupigwa, nitasujudu vipi?"

Hata hajamaliza maneno yake, ndugu yetu mmoja alinena kwa sauti: "Haramu! Huko ni kubadilisha umbo la Mwenyezi Mungu." Nasi, twakiri, wengi wetu tuliinamisha vichwa kumkubalia. Hapo ndipo bibi mmoja wa Kinubi, katika wale ambao babu zao walikuwa askari wa KAR na wakakalishwa Kibra wakati ilipokuwa ingali msitu, alipomgeukia akamwambia: "Mwanangu, na hizo ndevu zako nyeusi, ni Mungu aliyezitia rangi jana?" Watu walicheka. Yeye bibi hakucheka. Na sisi tuliocheka tulikoma upesi, kwa kuwa ndevu za namna ile pale chumbani hazikuwa za mtu mmoja, na habari ya Abu Quhafa sote twaijua: aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) siku ya kufunguliwa Makka akiwa na mvi tupu, ikaamrishwa mvi zile zibadilishwe rangi, lakini weusi uepukwe. Tukaahirisha jawabu kwa juma moja, tupate kusoma na kuwauliza wajuao.

Basi natuanze na kitu chenyewe, maana kukihukumu kabla ya kukijua ndiko kulikotutia haya usiku ule. Mitaani husemwa kwamba sindano hiyo ni mafuta ya nguruwe. Si kweli. Dawa hii, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Botox, asili yake ni sumu, tena ni katika sumu kali kabisa zijulikanazo, nayo hutolewa na bakteria akaaye udongoni. Mnamo miaka ya 1820 tabibu mmoja wa Kijerumani, Justinus Kerner, aliandika habari za watu waliokuwa wakifa kwa kula soseji zilizoharibika. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, watu waliotoka mazishini walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi, wakalegea viungo, na watatu wakafa; mtaalamu Emile van Ermengem akachunguza mpaka akampata bakteria mwenyewe. Yamkini uvumi wa nguruwe watokana na visa kama hivi.

Katika miaka ya 1970 daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alianza kuijaribu sumu hiyo kwa kipimo kidogo mno ili kunyosha macho yenye makengeza. Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliikubali kwa maradhi hayo, na kwa kope zijifumbazo bila ya hiari ya mtu. Kisha huko Vancouver, Kanada, Jean Carruthers, daktari wa macho, na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaona kwamba wagonjwa watibiwao kope hupotewa na makunyanzi ya kipaji. Wakaandika hayo mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikairuhusu kwa mikunjo ya kati ya nyusi. Dawa hiyo hiyo leo huwasaidia watoto waliokakamaa misuli, na watu wenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha, na wale watokwao na jasho kupita kiasi. Hapa Kenya madawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, jina ambalo kwa sindano hii halikukosea hata neno moja.

Kazi yake ni hii. Msuli hukaza kwa kupata amri kutoka katika neva. Sumu hii huizuia amri isifike. Msuli hubaki mzima, lakini haukazi, na ngozi iliyo juu yake haikunjiki. Mwenye kuitaka kwa mara ya kwanza ajue ya kwamba haondoki kitini na uso mpya. Daktari humwambia akunje uso ili aione misuli, kisha humchoma mahali patano kati ya nyusi kwa sindano nyembamba sana. Maumivu yake ni kama kuumwa na sisimizi, na shughuli yote ni ya dakika chache. Hutoka vivimbe vidogo, navyo hupotea siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza haoni kitu. Siku ya tatu au ya nne huanza kuona uzito kidogo kipajini, na baada ya wiki mbili ndipo dawa imekamilika. Hukaa miezi mitatu hata minne, kisha msuli hurudi kama zamani, na mtu sharti achague ama kuacha ama kulipa tena. Na mkunjo uliokwisha kuchimbika, ambao waonekana hata mtu akitulia, huenda usitoke wote, hupungua tu. Haya wauzao wengine hawayasemi.

Madhara ya kawaida ni madogo: alama ya damu chini ya ngozi, au kuumwa na kichwa siku mbili tatu. Lakini kwa baadhi ya watu dawa huingia katika msuli usiokusudiwa, kope ikaanguka, na haiinuki mpaka zipite wiki kadhaa. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha huambiwa wasiitumie, na mwenye maradhi ya udhaifu wa misuli ndiye wa kuiogopa zaidi. Tangu mwaka 2009 wakubwa wa dawa wa Marekani wameamrisha iandikwe onyo kali kwamba sumu yaweza kuenea mbali na mahali ilipotiwa. Mwenye kuona tabu ya kumeza, kusema au kuvuta pumzi baada ya sindano hiyo, asingoje asubuhi. Aende hospitali saa ile ile.

Ama kusujudu, suali ambalo wengine walilichekea, sisi twaliona ndilo bora katika yale matatu. Madaktari wengi huusia kwamba kwa muda wa saa nne mtu asilale, wala asisugue wala asipakandamize mahali palipochomwa. Basi na aende saa mbili asubuhi. Adhuhuri itamkuta muda umekwisha pita. Na akitawadha, apitishe maji usoni kwa upole. Sala haina haja ya kupotea kwa ajili ya kipaji.

Jambo la kutisha zaidi kuliko sumu ni mkono uishikao. Mwaka 2024 mwanamke mmoja wa Nairobi alifariki baada ya kutolewa mafuta mwilini kwa ajili ya urembo, na baraza lisimamialo madaktari likaifunga zahanati iliyohusika. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko sindano hii, lakini wauza urembo ni wale wale. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Marekani yenyewe ilitangaza kwamba dawa bandia za jina la Botox zimewatia watu hospitali katika majimbo kadhaa. Ikiwa huko yatokea, basi msusi ajaye nyumbani na chupa isiyo na maandishi ni wa kufungiwa mlango. Madaktari waliosajiliwa Kenya wamo katika orodha ya baraza lao, nayo yaweza kusomwa na kila mtu. Kuuliza jina na nambari ya daktari si utovu wa adabu.

Sasa twafika penye hukumu, na hapa wanavyuoni hawakusema neno moja. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2006 liliikataza sindano hii kwa urembo, kwa sababu ya madhara na ya shaka ya vitu vilivyomo, likaiachia kwa matibabu mbele ya mtaalamu. Baraza la Ulamaa la Indonesia mwaka 2022 liliiruhusu kwa masharti: kitu chenyewe kiwe halali, kisidhuru, kifanywe na ajuaye, na nia isiwe mbaya. Jambo la vitu vilivyomo si la kupuuzwa, kwani katika baadhi ya dawa hizi mna albumini, kitu kitolewacho katika damu ya binadamu. Wakatazao hushika Hadithi iliyopokewa na Ibn Masud ya wanawake watiao mianya ya meno kwa ajili ya uzuri. Waruhusuo hukumbusha habari ya Arfaja, aliyekatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikamharibikia, Mtume (s.a.w.) akamwambia atie ya dhahabu. Mmoja alizidisha uzuri juu ya uzima, mwengine aliondoa aibu iliyompata. Je, kunyanzi la mjane wa miaka 46 ni la upande gani?

Hatukuweza kulijibu mpaka tulipomuuliza yeye kwa nini, jambo lililotupasa kulifanya tangu usiku wa kwanza. Alisema mkubwa wake kazini amemwita mara mbili akamwambia ya kwamba wageni wamwogopa, uso wake ni wa mtu mwenye hasira, na kuna wasichana wengi waitakao nafasi ile. "Nami sina hasira," alisema. "Makunyanzi haya nimeyapata kwa kukesha na marehemu miaka miwili, nikimtazama gizani kama yu hai."

Hapa ndugu zetu tulikumbuka Surat Abasa. Kila aisomae ajua kwamba yaanza kwa kunja uso, na kwamba aliyekunjiwa uso alikuwa kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum. Yule kipofu hakuona kitu. Mkunjo ule haukumuumiza yeye wala haukumwaibisha mbele ya watu, na juu ya hayo lilikuja lawama kutoka mbinguni. Kwa nini? Sisi twafahamu kwamba lililolaumiwa si msuli wa kipaji, bali ni ule mgongo aliopewa mtu aliyekuja kutafuta kheri, na mkunjo ulikuwa ni alama yake tu. Basi ikiwa ni hivyo, mkunjo usiotoka katika kumkataa mtu hauna lawama, na uso laini umkataao mtu hausalimiki kwa ulaini wake. Mkubwa yule wa kazi, kwa habari tulizozipata, ana uso mkunjufu mno.

Kwa hiyo twamwambia dada yetu hivi. Hatukuiharamishia sindano yako, kwa kuwa huna mtu unayemdanganya: huchumbiwi kwa umri usio wako, wala hukatai umbo ulilopewa. Wahofia riziki ya watoto. Lakini hatuipendi, na twataka ujue unachokinunua. Itafunga mkunjo, haitafunga huzuni, wala haitaleta bashasha, kwani bashasha ni ya macho na midomo, na hayo sindano ya nyusi hayagusi. Wanao waliozoea kujua kwa kipaji chako kwamba mama hakupendezwa, itawabidi wasikilize sauti. Na kila miezi minne utalipa tena kwa mshahara ule ule, ili mwengine astarehe kukutazama. Kama ni kweli lipo la haramu katika kisa hiki, sisi twaliona kwa yule aliyemwambia mjane kwamba chakula cha wanawe kimo katika ngozi ya uso wake, na twashangaa kuwa katika darsa nzima hapakutokea mtu wa kumpigia kelele yeye.

Tulitaka kumwandikia. Dada alikataa. "Mkinisemea, nitafutwa," alisema, na katika hilo ajua kuliko sisi. Yule ndugu wa ndevu nyeusi ndiye aliyetoa rai iliyofaa: katika jamaa zake yumo wakili, ajuaye sheria za kazi, naye amwelezee haki zake kwa siri kabla hajalipa shilingi moja kwa mtu wa sindano. Akaandikiwa nambari ya simu kwenye kipande cha karatasi. Bibi wa Kinubi alimwambia, "Nenda kwanza kwa huyo, mwanangu. Huko kwengine hapakimbii."

Majuma matatu baadaye alikuja darsani kama ada, akaketi mahali pake karibu na dirisha. Wengine wetu, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimtupia jicho kutafuta alama. Taa ya chumba kile ni hafifu, na yeye alikuwa ameinama akisoma.