Tukishasema "Ni Shahidi", Nini Kinabaki?



Tarehe 1 Oktoba 2022 alifariki Dkt. Mohammed Ali katika hospitali ya rufaa ya Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Alikuwa Mtanzania wa miaka 37, akisomea upasuaji katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Ebola ilikuwa imetangazwa Mubende tarehe 20 Septemba, na vipimo vyake vilionyesha ugonjwa tarehe 26. Alikuwa daktari wa kwanza kufa katika mlipuko ule. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 kati yao wamekufa. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 19, na saba kati yao hawakupona.

Daktari wa namna hii akitajwa mbele ya Waislamu, neno linalotangulia ni "shahidi". Nami naitikia amina. Ila nina swali ambalo sisi tunaosoma dini hatulipi nafasi ya kutosha: je, tukishasema ni shahidi, deni letu kwake limekwisha, au ndipo linapoanza?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba tauni ni shahada kwa Muislamu, na kwamba anayebaki mjini mwake kwa subira, akiamini hatapatwa ila na aliloandikiwa na Allah, ana ujira mfano wa shahidi. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimchukulia mabinti zake, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, na humo akatofautisha tauni na maradhi mengine ya kuambukiza. Kwa hiyo mwanachuoni anaweza kuuliza kama Ebola inaingia katika hukumu hiyo. Mimi naona rehema ya Allah ni pana, na aliyeupata ugonjwa akiwa anamtibu mgonjwa tunamtarajia kheri kubwa. Lakini cheo hicho hutoa Allah. Sisi hatugawi.

Hapo ndipo penye hatari. Cheo kinachotolewa na Allah tunaweza kukigeuza kuwa jibu letu kwa maswali tunayopaswa kuyajibu sisi. Kwa nini huyu aliambukizwa? Glavu zilikuwepo? Nani alipaswa kuzileta? Mtu akiuliza hivyo msibani ananyamazishwa: "Ndugu, ilikuwa ajali yake, na amekufa shahidi." Maneno yote mawili ni ya kweli, lakini hakuna hata moja linalojibu swali.

Tumrudie Umar bin al-Khattab (r.a.). Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia huko. Akawashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, kisha wazee wa Kikureishi, akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, moja lenye malisho na jingine kavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume: msiingie katika nchi yenye tauni, wala msitoke kwa kuikimbia mkiwa ndani yake. Baadaye Abu Ubayda na Muadh bin Jabal wakafa katika tauni hiyo ya Amwas, Allah awe radhi nao wote.

Tazama nani alifanya nini. Umar aliijua fadhila ya shahada kuliko sisi, naye mwenyewe alikuwa akiiomba. Hata hivyo, alipobeba dhamana ya roho za watu, hakusema, "Twendeni, tukifa tutakuwa mashahidi." Alishauriana, akachukua tahadhari, akarudi. Abu Ubayda alikuwa na watu wake ndani ya nchi ya tauni, naye hakuwaacha. Mmoja alirudi na mwingine alibaki, na wote wawili tunawasifu. Kubaki kwa subira ni ibada ya anayebaki. Kumlinda ni wajibu wa aliye juu yake na wa jamii inayomtegemea. Anayedaiwa ulinzi hawezi kulipa kwa kusifu subira ya mwenzake.

Kuna atakayesema kwamba kila daktari akidai vifaa kwanza, mgonjwa atafia mlangoni. Hoja hii ni nzito, na jibu lake nalipata Gulu. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia kaskazini mwa Uganda, ambako iliua watu 224, Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa masomoni Kampala. Akaitwa arudi hospitali ya Lacor aliyokuwa akiiongoza, akaenda. Wauguzi wenzake walipoanza kufa, wafanyakazi walikusanyika wakitaka kuacha kazi. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki hata akiwa peke yake. Wengi wakabaki. Usiku mmoja alimkimbilia muuguzi aliyekuwa akitokwa damu. Alivaa barakoa, gauni na glavu, lakini hakuvaa miwani ya kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Lukwiya alikuwa Mkristo. Aya ya 32 ya Suratul Maida, inayomfananisha aliyeokoa nafsi moja na aliyeokoa watu wote, imetaja nafsi bila kuuliza kabila lake. Simuoni Muislamu anayepungukiwa na chochote kwa kumheshimu mtu huyu na kujifunza kwake. Alilolifanya ni ihsani, yaani zaidi ya wajibu, na ihsani haiamrishwi kwa mwingine. Mwaka 2022 madaktari wanafunzi wa Mubende walisitisha kazi wakidai vifaa vya kinga na bima. Anayewaona hao ni waoga kwa sababu Lukwiya alibaki, amelichukua tendo la hiari la mtu mmoja akalifanya fimbo ya kuwachapia wengine.

Sasa tuje kwetu. Imam al-Ghazali, katika Ihyaa, anaitaja tiba kuwa fardhi kifaya, kisha anawalaumu wanafunzi wa zama zake waliosongamana kwenye fiqhi na mijadala ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu. Fardhi kifaya ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote. Mimi ni mwanafunzi wa dini, na lawama hiyo naisoma kama barua yenye anwani yangu. Si lazima niache Sharia nikasome udaktari. Lakini tabibu aliyetubebea fardhi hii ana haki ya kuona tumeshika upande mmoja wa mzigo.

Hapa Nagongera dharura mara nyingi si Ebola. Ni mtoto mwenye homa, analetwa usiku kwa bodaboda kwenye kituo cha afya. Kabla ya kampeni ya kunyunyizia dawa majumbani, watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja hapa aliumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria karibu mara 310 kwa mwaka. Malaria kali humaliza damu ya mtoto, na daktari, hata awe hodari vipi, hatengenezi damu. Uganda sehemu kubwa ya damu hutolewa na wanafunzi, na shule zikifungwa akiba hupungua. Basi jumuiya yetu inaweza kuwa na siku ya kutoa damu kila muhula, ikawaita wauguzi watufundishe huduma ya kwanza, na ikauliza kwa adabu, bila kuchoka, kama glavu zipo kituoni. Kutoka Tororo hadi Busia hakuna msikiti usioweza kufanya hivyo.

Ewe Mola, wapokee waliokufa wakiwatibu waja wako, na sisi tuliobaki utujaalie kuwa walinzi wa wanaotutibu. Amin.