Mhitaji Anayekwenda Kutumikia



Katika zama zetu hizi vijana wengi hufunga safari kwenda nchi za mbali, si kwa biashara wala kwa matembezi, bali kwa kujitolea katika kazi za maendeleo: kufundisha shule, kuuguza wagonjwa, kuchimba visima, kuwasaidia wakulima. Kijana huagana na wazazi wake na kuondoka, hali moyo wake umejaa furaha na hofu. Jamaa humsifu kwa wema wake kabla hajafanya lo lote. Hapo ndipo hatari ya kwanza inapoanza, kwani mtu anayesifiwa kwa wema ambao bado hajautenda ni rahisi kudhani kuwa yeye ni mfadhili na wale anaowaendea ni ombaomba. Basi dini yamfundisha nini msafiri huyu?

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Qasas, ambayo ni sura ya 28, yatueleza habari za msafiri mmoja. Nabii Musa a.s. alitoka Misri akiikimbia hatari, hana mali wala jamaa mbele yake, akafika kwenye maji ya Madyan. Akawakuta watu wengi wakinywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Zingatieni utaratibu wa mambo aliyoyafanya.

Kwanza, aliuliza. Hakujifanya kuwa ameijua shida yao kwa kuitazama tu. Aliwauliza wana jambo gani, nao wakamweleza wenyewe kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Pili, akaifanya kazi ile ile waliyoihitaji, wala hakudai ujira. Tatu, alipomaliza alijitenga kivulini, hakusimama kungoja shukrani. Nne, na hili ndilo kubwa zaidi, huko kivulini alimwomba Mola wake akikiri kwamba yeye ndiye mhitaji wa kheri yo yote atakayoteremshiwa.

Ajabu iliyoje! Aliyetoka kusaidia sasa hivi ndiye anayejiita mhitaji. Wala dua yake haikupotea. Mmoja wa wanawake wale alirudi kumwita, akapata makao, kazi na mke katika nyumba ya mzee wao, kwa mapatano ya kutumika miaka 8, na kama angependa kutimiza 10, hiyo ingekuwa hiari yake. Wale aliowasaidia wakawa wenyeji wake. Naye ambaye baadaye angewaongoza Wana wa Israeli, alitangulia kuchunga mifugo ya watu wa ugenini.

Pengine mtu atasema: “Mimi nimesomea uhandisi wa maji, na wanakijiji hawakuusomea. Kwa nini nijiite mhitaji mbele yao?” Jibu ni kwamba elimu yako ni neema ya kweli, lakini si elimu yote. Wewe waijua pampu. Wao wanajua ni mwezi gani mto hufurika, njia ya kisimani inapita katika shamba la nani, na ni nani atakayeaminiwa kushika ufunguo. Usipowauliza wanawake wanaochota maji kila siku, huenda ukakijenga kisima mahali wasipoweza kukitumia. Na usipomfundisha mwenyeji kukitengeneza, kitaharibika baada ya safari yako ya kurudi, na watabakia na chuma kikuukuu.

Mambo mawili ya mwaka 1961 yanatupa mazingatio. Mwaka huo Serikali ya Marekani ilianzisha shirika la kujitolea liitwalo Peace Corps. Kundi la kwanza lilifika Accra, Ghana, tarehe 30 Agosti, nalo lilikuwa la walimu. Waliposhuka kwenye ndege waliwaimbia wenyeji wimbo kwa Kitwi, lugha ya nchi hiyo. Jambo dogo, walakini lilikuwa salamu ya mtu aliyejifunza kabla ya kufundisha.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo, huko Ibadan, Nigeria, mmoja wa wafanyakazi wapya wa shirika hilo alimwandikia rafiki yake kadi akieleza kwa mshangao jinsi hali ya maisha ya watu ilivyo duni. Kadi hiyo ikaangukia mikononi mwa wanafunzi wa chuo, wakaona wamedharauliwa, wakaandamana kwa hasira. Na mwandishi wake ikambidi arudi kwao. Pengine hakukusudia ubaya. Lakini Kurani Tukufu katika Sura Al-Hujurat inakataza watu kuwadharau wenzao, na tena inakataza kusengenya. Umaskini wa mwenyeji wako ni siri yake uliyoonyeshwa kwa kuwa umekaribishwa ndani. Usiufanye kuwa hadithi ya kuwachekesha au kuwasikitisha watu wa kwenu. Na siku hizi, ambapo picha huzunguka dunia kwa dakika moja, onyo hili limezidi uzito.

Katika Jumuiya yetu pia mlango huu umefunguliwa. Mwaka 1966 Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifatul Masih III, aliwaita Waahmadiyya watoe majuma machache ya wakati wao kwa utumishi, kwa gharama zao wenyewe. Na mwaka 1970, baada ya kuzizuru nchi za Afrika Magharibi, alianzisha mpango wa Nusrat Jehan, ambao kwa huo waganga na walimu walijitolea kwenda kutumika huko katika hospitali na shule. Waganga hao walitibu Waislamu, Wakristo na wasio na dini hizo. Maana mgonjwa haulizwi itikadi yake kabla ya kupewa dawa.

Basi wewe kijana unayesafiri, itengeneze nia yako kwanza, kwani Mtukufu Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa amali hupimwa kwa nia, na akatoa mfano wa wahamao: kila mmoja hupata kile alichokihamia. Jifunze lugha. Kula kinachopikwa, isipokuwa cha haramu. Mwachie mwenyeji ujuzi wako kabla ya kuondoka. Na kila jioni, kazi inapokwisha, tafuta kivuli chako na kumwambia Mungu kuwa wewe ndiwe mhitaji.

Nanyi mnaompokea mgeni wa namna hiyo, mwigeni mzee wa Madyan. Yeye hakumwacha mwema aende na njaa, wala hakumnyenyekea kama mungu mdogo. Alimlisha, akamtuliza hofu, akafanya naye mapatano ya wazi. Mwambieni mgeni wenu ukweli. Akikosea, msimsifu usoni kwa kutumaini fedha zake. Mwonyeni kwa upole, maana huo ndio ukarimu ulio bora kuliko chakula.

Mwenyezi Mungu awalinde wote wasafirio kwa ajili ya kuwatumikia viumbe vyake, azikubali kazi zao, na awarudishe makwao wakiwa wanyenyekevu kuliko walivyotoka. Amin.