Mbao Mbichi



Tarehe 19 Machi Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti. Marko 6:3 yatueleza kwamba watu wa kwao walimdharau Bwana wetu kwa kuwa walimjua kama seremala tu. Kumbe Mwana wa Mungu hakuona haya kushika msumeno na randa.

Huku kwetu Mtua, na kote Nachingwea na Ruangwa, tunaijua mbao ya mninga na ya mkongo. Fundi mwema huzipanga mbao kivulini, akitenganisha ubao na ubao kwa vijiti ili upepo upite, naye husubiri miezi. Mlango wa mbao mbichi ukikauka husinyaa na kupinda, ulimi ukalegea katika tundu lake. Wapo wanaoziba nyufa kwa gundi na vumbi la msumeno, wakapiga msasa na vanishi. Siku ya kuuchukua mlango unang'aa. Lakini kiangazi hakidanganywi.

Ndugu zetu, hapo tunajiona wenyewe. Ugomvi wa nyumbani tunauziba kwa nguo safi za Jumapili. Toba si vanishi. Toba ni kuifungua ile nyufa mbele za Mungu.

Wala tusimlaumu fundi peke yake. Sisi ndio tunaomharakisha, tukitaka kitanda kabla ya arusi. Sisi ndio tunaolipa nusu, na nusu tukaahidi msimu wa korosho. Msimu ukipita, tunabadili njia tusipite mbele ya karakana yake. Lililo baya zaidi ni deni la jeneza. Usiku wa msiba fundi alikesha akipiga misumari kwa ajili ya mzee wetu. Matanga yalipoanuliwa, tukamsahau. Yakobo 5:4 yatuonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana anausikia.

Katika Kutoka 31 Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili achonge miti. Basi kazi ya fundi ni takatifu, na ujira wake pia.

Kwa hiyo, kabla ya Pasaka, kila nyumba yenye deni kwa fundi na ilipe, au iende kusema naye kwa unyenyekevu. Yeye aliyeranda mbao alitundikwa juu ya mti kwa ajili ya madeni yetu sote. Tutamtazamaje Ijumaa Kuu, nasi tumemkimbia seremala mwenzake?

Bwana atusaidie. Amina.