Kujitegemea kwa Mwenye Miguu ya Chuma

Mwaka 1997 mhandisi wa Israeli, Amit Goffer, alipata ajali iliyompoozesha mikono na miguu. Miaka iliyofuata aliitumia kubuni kiunzi cha roboti, chombo kinachofungwa kiunoni na miguuni ili mtu aliyepooza kuanzia kiunoni kushuka chini asimame na kupiga hatua. Kiunzi hicho kikaitwa ReWalk, na mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu kitumike majumbani. Wengine walitembea kwa kazi ya akili yake. Yeye hakuweza, kwa sababu mvaaji hulazimika kushika magongo, na mikono yake haikuwa na nguvu hizo. Kisa hicho kinatulazimisha kuuliza: tunaposema chombo kimempa mtu kujitegemea, tunamaanisha nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba kujitegemea ni kufanya mambo yako bila mkono wa mtu mwingine. Kwa kipimo hicho kiunzi kinaonekana kuwa ushindi mtupu. Mvaaji anauinamisha mwili mbele kidogo, kihisio kinautambua mwinamo huo, na mota za nyonga na magoti zinausogeza mguu. Kiunzi cha HAL, alichokibuni Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, kinakwenda mbali zaidi: hunasa juu ya ngozi ishara dhaifu za umeme zinazotokea ubongo unapouagiza msuli. Nia inatangulia, chuma kinafuata.

Lakini tazama mahitaji yake. Lazima betri iwe na chaji, mifupa ya mvaaji iwe imara, ardhi iwe ya kufaa, na mafunzo yawe ya muda mrefu. Idhini ile ya Marekani ilitaka pia awepo msaidizi aliyefunzwa. Basi aliyevaa kiunzi hajaacha kutegemea. Amehama tu, kutoka kutegemea vitu na watu hawa kwenda kutegemea wengine.

Wala hiyo si aibu. Anayetembea kwa miguu aliyozaliwa nayo anategemea barabara aliyoilima mwingine, daraja alilolijenga mwingine, na mikono iliyomshika alipokuwa akijifunza kusimama. Utegemezi wake umezoeleka mno hata hauonekani. Mwanafalsafa Mfaransa Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu utambuzi wa hisia, alieleza jinsi fimbo ya asiyeona, ikishazoeleka, inavyokoma kuwa kitu anachokishika na kuwa mahali anapohisia. Mipaka ya mwili haiishii kwenye ngozi. Kifaa tunachoishi nacho huingia katika nafsi zetu.

Kama sote tunategemea, tofauti iko wapi? Nasema iko katika mamlaka. Mwaka 2024, nchini Marekani, aliyekuwa mpanda farasi wa mashindano na aliyetumia kiunzi kwa takriban miaka 10 alikwama kwa hitilafu ndogo ya betri katika saa ya kukiendeshea. Watengenezaji walikataa kukishughulikia kwa hoja kwamba kimepita umri wa miaka 5. Kilikarabatiwa baada tu ya habari za kisa hicho kuenea. Kwa mwenye kiwanda, hiyo ilikuwa bidhaa iliyopitwa na wakati. Kwa mvaaji, ilikuwa miguu yake. Hapa ndipo dhana nzima inapofichuka: anayejitegemea ni yule mwenye kauli juu ya anachokitegemea, na mwenye hakika kwamba hakitamtupa. Bila kauli hiyo, hata chombo cha ajabu kabisa humfanya mtu mateka wa waliokiunda.

Ipo hatari nyingine, nayo ni kutukuza kutembea kwenyewe. Mwaka 2012 Claire Lomas, Mwingereza aliyepooza miguu, alimaliza mbio za marathoni za London akiwa amevaa kiunzi, kwa zaidi ya wiki mbili. Alistahili kila kofi alilopigiwa. Kusimama kuna thamani ya kweli: mtu anatazamana na wenzake uso kwa uso, na mwili unapumzika kutokana na kukaa kutwa nzima. Ila tukifanya kusimama kuwa cheti cha utu, tunamdhalilisha kila aliye kwenye kiti mwendo. Goffer mwenyewe hakubaki kuingojea miguu. Alibuni chombo cha magurudumu kinachomwezesha mtu kwenda huku amesimama wima, na hicho akakitumia.

Kuna pia suala la bei. Viunzi vingine huuzwa kwa karibu dola 100,000. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 80 wanahitaji kiti mwendo, na kwamba wanaokipata ni kati ya asilimia 5 na 35, kutegemea nchi. Mwanafunzi anayezuiwa na ngazi tatu za mlango wa darasa hahitaji roboti. Anahitaji fundi mwashi na mwalimu mkuu mwenye nia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataka mtu awezeshwe kwenda kwa namna na kwa wakati anaouchagua mwenyewe, kwa gharama anayoimudu. Ibara hiyo, ya 20, haimlazimishi yeyote kutembea. Inamrudishia uamuzi.

Kwa hiyo sayansi ya viunzi iendelee, na ishuke bei hadi itufikie na sisi. Lakini kabla ya kununua chombo chochote kwa jina la watu wenye ulemavu, wao waulizwe kwanza wanataka kwenda wapi na kwa njia gani, na fundi wa kukitengeneza kikiharibika apatikane karibu nao. Anayeamuliwa hata mwendo wake hajajitegemea, ajapovikwa miguu ya chuma.